Nyuzi Kumi na Tano

Redio ilisema watoto hawaugui. Ilisema asubuhi, ikarudia mchana, na jioni akaletwa mkubwa mmoja mwenye sauti ya mtu aliyeshiba, naye akasema vilevile: Kabari haina habari na watoto. Kabari ndilo jina watu walilokuwa wameupa ule ugonjwa wa mapafu, kwa jinsi ulivyomkaba mtu koo mpaka macho yakamtoka. Fundi friji aliisikiliza redio hiyo huku amempakata binti yake wa miaka saba, na mwili wa mtoto ulikuwa unamuunguza mapaja kupitia suruali.

"Mwambieni aje amshike huyu," akaiambia redio. "Aje aweke mkono wake hapa, halafu arudi kuongea."

Ilikuwa siku ya tano ya homa. Mtoto huyo kila mtu alimwita Chiriku, maana tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza. Alisema na kuku, alisema na viatu vyake, alisema hata usingizini. Sasa ilikuwa siku ya pili hana neno ila "maji" na "tumbo". Macho yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyelia wiki nzima, lakini makavu. Midomo ilikuwa imepasuka. Vipele vilikuwa vimemtapakaa mgongoni na vidole vimeanza kuvimba. Zahanati walimtia kijiti puani mara mbili, na mara zote mbili wakasema Kabari hana. Wakampa dawa ya minyoo.

Nyumba hiyo Kabari iliijua vizuri. Wiki tano nyuma ilimchukua mama yake Chiriku kwa siku nane tu. Alifia koridoni, kwenye foleni ya mtungi wa hewa, akiwa mtu wa nne, na wale wakubwa waliosema mitungi ipo ya kutosha hakuna hata mmoja aliyekuja kuhesabu foleni. Fundi mwenyewe alikohoa wiki mbili akapona. Chiriku alipiga chafya siku mbili, akaendelea kuruka kamba. Majirani wakasema, unaona? Watoto hawaugui. Na Fundi, kwa uchungu aliokuwa nao, akashukuru kwamba angalau hilo redio haikudanganya.

Asubuhi ya siku ya sita, Jumatano, alimfunga mtoto mgongoni kwa shuka, akakodi pikipiki, akampeleka hospitali kuu.

Daktari wa watoto alikuwa bado msichana, mwembamba, barakoa imemchora mistari mashavuni kama ya mtu aliyelalia mkeka. Alimgeuza Chiriku, akamtazama ulimi, akamminya kidole cha mguu akahesabu damu inavyorudi. Damu ilichelewa.

"Nyumbani kuna aliyeugua Kabari?"

"Mama yake. Alikufa."

"Lini, mzee wangu?"

"Jumamosi hii zinatimia wiki tano."

Daktari akafumba macho kidogo, kama mtu aliyejibiwa swali ambalo hakutaka kuuliza.

"Sikiliza, baba. Huyu naye aliupata siku zilezile, ukapita kimyakimya. Lakini askari wa mwili wake waliitwa vitani. Vita vimekwisha, na wao hawajaambiwa warudi kambini. Sasa wanapiga kila wanachokikuta. Wamepiga ngozi, wamepiga utumbo. Sasa wanaupiga moyo."

"Redio inasema watoto..."

"Redio haijawahi kuja wodini kwangu."

Akamtundikia mtoto maji, akamdunga dawa ya kuwatuliza hao askari. Kisha akasema moyo wa Chiriku umeshachoka kiasi kwamba dawa hiyo peke yake haitoshi. Kulikuwa na nyingine, ile inayochujwa kutoka kwenye damu za watu wengi wazima, ya kutiwa taratibu mshipani. Hiyo hakuwa nayo.

"Hamna kabisa," Fundi akauliza, "au hamna kama kawaida yenu?"

Daktari hakukasirika. "Ilikuwepo. Imekataliwa." Kabla hajaulizwa zaidi, nesi akamwita kitanda cha mwisho, akaenda mbio.

Imekataliwa. Fundi alilitafuna neno hilo. Na nani? Na wakubwa, nani mwingine? Kukataa ndiyo kazi wanayoijua.

Kitanda cha pili kilikuwa na mtoto wa miaka mitatu, macho mekundu vilevile, midomo imepasuka vilevile. Mama yake alikuwa msusi, mwanamke wa vidole virefu visivyotulia.

"Kaka, sogea upande huu, hapo dari linadondosha," alisema. Kisha akamtazama Chiriku kichwani. "Nani kamchana huyu?"

"Mimi."

"Inaonekana. Ulitumia uma?"

Fundi akacheka. Alishtuka kujisikia, hakuwa amecheka tangu maziko. Msusi akavuta kiti, mkono mmoja kauacha kwa mwanawe, na kwa ule mwingine akaanza kumtengenezea Chiriku mistari, polepole, bila kumuumiza.

"Usimruhusu akunje kiwiko," alimfundisha. "Akikunja, sindano inachomoka, na hao manesi kuupata mshipa tena ni mpaka watoboe mtoto kama chujio. Mkandamizie hapa juu. Hapo. Ulikuwa hujui, eti?"

"Kazi yangu ni friji, dada."

"Basi na huyu mpoze."

Kesho yake saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani, mtoto wa msusi alishusha pumzi moja ndefu na nyingine haikuja. Daktari alimkandamiza kifua kwa kiganja kimoja, akahesabu kwa sauti, nesi akaminya mfuko wa hewa. Walifanya hivyo mpaka shati la daktari likalowa mgongoni. Kisha wakaacha. Msusi hakupiga ukelele. Alichukua kigauni cha mtoto akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

Fundi alisimama. Akamgeukia binti yake. Midomo ya Chiriku ilikuwa imeanza kubadilika rangi, na pumzi zilikuwa fupifupi, kama za mtu anayepanda ngazi amelala.

Alimfuata daktari koridoni.

"Nani aliikataa dawa? Nitajie mtu. Nikamwone leo, hata wanifunge."

Daktari alikuwa ameegemea ukuta. "Si mtu. Friji ya stoo. Tangu Jumatatu kipimajoto kinaonyesha nyuzi kumi na tano, na dawa ile haitakiwi kuvuka nyuzi nane. Ikipata joto inaharibika, huwezi kumtia mtoto. Chupa sita. Zimefungwa utepe mwekundu, zinasubiri kamati ije izichome. Nimepiga simu kila mahali. Zilizo karibu ni safari ya siku mbili, na barabara zimefungwa."

Fundi alikuwa ameshafungua mdomo awatukane. Matusi yalikuwa tayari, ameyapanga wiki tano nzima. Yakamkwama.

"Friji ipi?"

"Ile nyeupe ndefu."

Ile nyeupe ndefu aliitengeneza yeye. Siku ya tisa baada ya maziko walimwita, akabadilisha raba ya mlango na kidhibiti baridi. Na kile kipimajoto. Ncha ya waya wake hutakiwa kukaa ndani ya kichupa cha mafuta, rafu ya katikati, imebanwa kwa kibanio. Kichupa kilikuwa kimepasuka. Aliomba kingine, wakamwambia andika barua, subiri. Naye hakutaka kusubiri, Chiriku alikuwa peke yake nyumbani. Akaubandika waya ukutani mwa friji kwa gundi ya karatasi, ile ya mkanda ya kufungia bahasha, akajiambia: kesho nitarudi niweke sawa. Hakurudi.

"Ilipanda polepole au ghafla?" akauliza.

"Mimi sijui mambo ya friji."

"Nipeleke."

Mtunza stoo alikuwa mtu mnene, miwani ameining'iniza kwa kamba na funguo zinalia kiunoni kama njuga. Alipomwona tu akapiga makofi.

"Huyo! Fundi wa kulipua kazi! Umekuja kuangalia maiti ya friji yako?"

"Nipe kitabu."

"Kitabu gani?"

"Cha nyuzi. Unachoandika kila baada ya saa tatu."

Ukurasa ulikuwa msafi, mwandiko mzuri. Jumatatu asubuhi, tano. Saa sita, tano. Saa tisa mchana, kumi na tano. Na kutoka hapo kumi na tano, kumi na tano, kumi na tano, mchana na usiku, Jumanne, Jumatano, mpaka leo.

"Friji haifi hivi," Fundi akasema. Akapitisha kidole juu ya karatasi. "Friji ikifa inapanda sita, inapanda tisa, kumi na mbili, kukipoa nje inarudi kidogo, jua likiwaka inapanda tena. Hii imeruka hatua kumi kwa mara moja ikasimama wima kama mlinzi. Fungua."

Baridi ikamgonga usoni. Hakuhitaji kipimajoto kuijua. Miaka ishirini ameingiza kichwa humo. Gundi ya karatasi ilikuwa imelowa, imebanduka, imejikunja sakafuni mwa friji kama ganda la kitunguu. Waya ulikuwa umeanguka mlangoni, na ncha yake imenasa kwenye fremu, pale raba inapobana. Na fremu za friji za dawa huwa na waya mwingine ndani yake, wa kupasha joto, mlango usitoe jasho. Aliigusa fremu. Vuguvugu. Aliigusa chupa yenye utepe mwekundu. Baridi mpaka mfupani.

"Kimepima fremu," akasema. "Siku zote hizi kimepima fremu ya mlango."

Daktari alielewa kabla ya mtunza stoo. "Kiko wapi kipimajoto cha pili? Kanuni inasema viwe viwili, kimoja cha kuhakikishia kingine."

Mtunza stoo akavua miwani, akaifuta, ikawa haifutiki.

"Kiko wapi?"

"Ofisini kwa Mkuu. Kwenye friji yake ya soda. Alitaka kujua kama zinapoa sawasawa."

Daktari akatoka mbio, viatu vinapiga sakafu. Walipobaki wawili, mtunza stoo alimsogelea Fundi akateremsha sauti. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwoga.

"Sikiliza, ndugu yangu. Usijitie kitanzi. Sema umeme ulicheza, sasa umetengemaa. Friji imepona yenyewe. Hakuna atakayeuliza."

"Umeme ukicheza, dawa itakuwa imepata joto siku tatu."

"Ndiyo."

"Basi haitatolewa."

Mtunza stoo akafikiri, akarudisha miwani usoni. "Haitatolewa," akakubali.

Ndivyo ilivyokuwa, hakuna mlango mwingine. Dawa ilikuwa nzima kwa sababu moja tu, kwamba friji haikuharibika hata dakika moja. Na kama friji haikuharibika, kilichoharibika ni kazi ya Fundi. Na kama ni hivyo, basi juzi dawa ilikuwa nzima, na jana ilikuwa nzima, na leo saa nne asubuhi ilikuwa nzima, hatua mia moja na hamsini kutoka kitanda cha pili.

Daktari alirudi na kipimajoto, nyuma yake Mkuu wa hospitali, mtu mrefu wa suti, anatembea kama sakafu ni yake. Wakakiweka katikati ya chupa, wakafunga mlango, wakasubiri dakika kumi. Saa ya ukutani ilikuwa na mshale wa sekunde unaoruka na kurudi nyuma kidogo kila unaporuka. Fundi alitamani kuusukuma kwa kidole.

Walipofungua, kilisoma nyuzi nne.

"Nne ya leo," Mkuu akasema. "Jana nitaijuaje?"

Fundi akamweleza kitabu, mstari kwa mstari. Akaitoa ile ncha mlangoni akaiweka katikati, na namba nyekundu juu ya mlango zikaanza kushuka mbele ya macho yao: kumi na tano, kumi na moja, saba, tano, nne. Akairudisha mlangoni, zikapanda, zikagota kumi na tano. Mkuu hakuwa mjinga. Wakubwa si wajinga. Wangekuwa wajinga ingekuwa nafuu.

"Kwa hiyo ilikuwa nzima muda wote," akasema taratibu. "Na mtoto wa asubuhi..." Hakumalizia. Akaagiza karatasi. "Utaandika, Fundi. Kwa mkono wako. Bila karatasi, utepe haukatwi. Kitu kikitokea baadaye wataniuliza mimi."

Fundi aliishia darasa la nne. Aliandika kama anavyochonga chuma, herufi moja baada ya nyingine, ulimi nje. Aliandika waya, akaandika gundi, akaandika tarehe. Kisha akaandika: *Niliomba kichupa nikaambiwa...* Mkono wa suti ukashuka ukafunika karatasi.

"Hayo acha."

"Ni kweli."

"Sijasema si kweli. Ukiyaandika hayo, linakuwa jambo la kamati. Kamati inakaa Jumanne. Mtoto wako atasubiri Jumanne?"

"Na kipimajoto cha pili kilikuwa kwenye soda zako."

"Kiandike na hicho," Mkuu akasema kwa upole kabisa. "Halafu tuonane Jumanne."

Daktari alitaka kusema, Mkuu akamtazama. Daktari akamgeukia Fundi: "Wewe mzee, acha siasa zako! Binti yako anakufa!" na hapo machozi yakamtoka, na haikujulikana anamlilia nani.

Fundi alikata ule mstari. Mkuu akamtajia wa kuweka mahali pake, naye akauandika: *Kosa lote ni la kwangu, kwa uzembe wangu, na hospitali haihusiki.* Akatia sahihi. Alijua karatasi hiyo itakavyofanya kazi. Itasomwa redioni na mwenye sauti ya kushiba. Itamfuata kila nyumba yenye friji. Na soda zitaendelea kupoa.

Utepe ukakatwa.

Saa saba mchana chupa ya kwanza ilining'inizwa. Matone yalishuka kwa kubania, daktari alisema yasiharakishwe, moyo haubebi. Mpaka zishuke chupa zote zitapita saa kumi nzima. "Na sikuahidi kitu," aliongeza. "Tumechelewa. Lakini wako waliorudi kutoka hapa." Chiriku hakufumbua macho. Fundi akakaa, akamkandamizia kiwiko kitandani, sawa na alivyofundishwa.

Msusi alikuwa bado hapo. Kitanda chake kilikuwa kimeshatandikwa shuka nyingine, na yeye amekaa kwenye ukingo wake na kifurushi mapajani, anasubiri kibali cha kuchukua mwili. Aliiona chupa.

"Imepatikana?"

"Imepatikana."

"Afadhali." Alisema kwa moyo mweupe, na hilo ndilo lililomkata Fundi kuliko kisu. "Imetoka wapi?"

Angeweza kusema imeletwa. Imeletwa na gari, sasa hivi, bahati yangu na bahati mbaya yako, dada yangu, ndiyo dunia. Neno moja tu. Nani angemsuta?

"Haikutoka popote. Ilikuwa humuhumu stoo."

"Walisema ni mbovu."

"Haikuwa mbovu. Mbovu ilikuwa kazi yangu."

Akamweleza. Hakujua kwamba ingemchukua maneno machache hivyo. Kichupa, haraka, gundi ya karatasi, kesho nitarudi. Alijisikia anaanza kugeukia habari za Mkuu na soda zake, na yote yalikuwa kweli, tena kweli ya kuapia, lakini aliona yanamteremkia mdomoni kwa wepesi mno, kama mtu anayetafuta pa kuketi. Akanyamaza.

"Kwa hiyo jana ilikuwa nzima," msusi akasema.

"Nzima."

"Na juzi, nilipoingia naye anaongea."

"Nzima, dada."

Msusi akasimama. Fundi hakuinua mkono kujikinga. Alikuwa anakingoja kibao, alikitaka, kingekuwa kitu cha kushika. Hakikuja. Msusi aliyatazama matone, moja, la pili, la tatu.

"Mume wangu yuko getini," alisema hatimaye. "Kila kitanda mzazi mmoja, walimzuia. Hajui. Nimekaa hapa tangu asubuhi natafuta maneno ya kumwambia, siyaoni. Nenda wewe."

"Mimi?"

"Nenda kamwambie. Yote, kama ulivyoniambia mimi. Usinyofoe hata moja. Mimi nikianza nitaishia njiani."

Fundi akautazama mkono wa Chiriku chini ya kiganja chake. "Na huyu? Akikunja..."

"Najua mkono unavyoshikwa."

Akamsogeza kwa bega, kama mtu anavyosogezwa penye foleni, akakaa kwenye kiti chake. Vidole vile virefu vikashika kiwiko cha Chiriku, vikakinyoosha, vikakikandamiza. Hakumtazama Fundi tena.

Fundi akaenda. Koridoni alimpita nesi, akampita mtu anayepiga deki, akateremka ngazi ameshika ukuta. Uani jua lilikuwa kali. Nje ya geti watu walisimama wamejazana kwenye vyuma, kila mmoja ana mfuko au chupa ya chai, kila mmoja anamtazama anayetoka kama ndiye aliyebeba habari zake.

"Mume wa msusi," akasema. Akarudia. "Yupo mume wa msusi? Kitanda cha pili?"

Mtu mmoja akapenya katikati ya wenzake, nguo zake zina vumbi la saruji, macho yanacheka juu ya barakoa.

"Mimi hapa, kaka! Amekutuma? Anataka nini, nguo au uji?"

Fundi alishika chuma cha geti kwa mikono miwili. Kilikuwa cha moto. Hakukiachia, akaanza kusema.